Kimya cha Mita Moja na Nusu

Studio, chumba cha mitambo
Jumanne, tarehe 4 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia kwa kuwa simu hupokei, na ukiipokea unaniambia nifupishe. Leo sifupishi.

Asubuhi alikuja hapa kazini mpiga gitaa mmoja, dada wa miaka kama ishirini na mitano, kurekodi na wenzake. Walipofika katikati ya wimbo wakanyamaza wote ghafla, kana kwamba umeme umekatika, kisha wakaingia tena kwa kishindo. Nikamwambia, "Nyinyi ni bendi ya tisa mwaka huu kunifanyia hivyo. Kuna ugonjwa gani huko nje?" Akacheka. "Dada fundi, huo si ugonjwa, hiyo ni shule." Akafungua mkoba, akatoa taulo, na ndani ya taulo santuri. Anatembea nayo kama watu wanavyotembea na vyeti vyao.

Kwenye jalada kuna vijana wanne wenye nywele kama vichaka na suruali zinazofagia sakafu. Wa mwisho kulia ni mwembamba, ameshika gitaa la besi, na chini yake pameandikwa "Msumari". Mjomba, ni wewe. Wewe uliyefundisha lugha miaka thelathini na minne, uliyenikataza kupiga mluzi mezani.

Yule dada ameniambia kwamba mlichukua nyimbo za kulimia na za kutwangia mkazipiga kwa gitaa la umeme, na kwamba chuo cha muziki leo kinawafundisha wanafunzi santuri hiyo moja mliyotoa. Kimya chenu kiko katika nyimbo za harusi, za mpira, hata katika tangazo la sabuni. Mtu wa kawaida angenyamaza mapigo manne, au manane. Wao hunyamaza sita na nusu, kwa sababu nyinyi mlinyamaza sita na nusu. Hakuna anayejua kwa nini.

Sasa unajua ninachotaka kuuliza. Mama alikuwa akisema kwamba aliimba katika bendi moja na wewe. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilikuuliza, nawe ukajibu, "Mama yako ana mawazo mengi." Siku ileile nilimwita Mama mwongo mbele ya wageni. Hajalitaja tena jambo hilo. Siku hizi anaishi nami, anashona katika chumba cha mbele, na bado ana kile kitabia chake: wimbo wa redioni ukinyamaza, yeye huvuma kidogo palepale huku mguu ukiendelea na cherehani. Jaladani kuna wanaume wanne tu.

Naomba jibu moja. Aliimba au hakuimba? Nataka kujua kama nilimwonea.

Mpwa wako,
fundi mitambo

*

Nyumbani
Jumamosi, tarehe 15 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeirudisha humu bahashani ikiwa na masahihisho saba. Matatu ni ya alama za kituo. Mtu mwenye elimu yako hana udhuru.

Ni kweli nilipiga besi katika bendi hiyo kwa muda wa miaka minne, kabla ya kwenda chuo cha ualimu. Sikuificha habari hiyo, ila hakuna aliyeniuliza vizuri. Kidevu, aliyeimba na kupiga gitaa, amefariki. Babu wa zeze na Radi wa ngoma nao wamefariki. Nimebaki mimi, na mimi nilikwisha kuachana na mambo hayo.

Kuhusu kimya: tulikipanga. Tulitaka msikilizaji ashtuke. Mimi ndiye niliyekipima na kukiweka, na urefu wake una sababu za kifundi ambazo hazina faida kwako sasa. Waambie hao vijana wahesabu wanavyotaka.

Kuhusu mama yako: alikuwa akija mazoezini kutuletea maji ya kunywa, na kwa kuwa alikuwa kijana, alipenda kuimba pamoja nasi. Katika santuri hayumo. Unaweza kuisikiliza wewe mwenyewe.

Naomba usimsumbue kwa maswali. Ana umri wa kupumzika.

Mjomba wako

*

Studio
Jumatano, tarehe 2 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Asante kwa jibu na kwa wino mwekundu. Niliipokea barua yako wakati Mama ameketi kwenye cherehani, nikamsomea ile sehemu ya maji ya kunywa. Najua ulinikataza. Nilidhani atabisha, tugombane, tuyamalize. Akasimamisha mguu, akashika gurudumu kwa kiganja. "Kama kaka amesema hivyo," akasema, kisha akaendelea kushona. Ilikuwa suruali ya sare ya shule. Aliishona pindo mara mbili.

Nikawa na amani kidogo, kusema kweli. Niliona kwamba nilimwita mwongo kwa ukali, lakini angalau sikukosea.

Sasa kuna kazi. Kampuni moja inataka kuichapa upya santuri yenu, na utepe wenyewe wa kwanza, ule mliorekodia, umepatikana katika stoo ya studio ya zamani, umo ndani ya kopo lake. Wameniletea mimi niusafishe. Nimewapa maelezo yako, nao wameyaweka nyuma ya jalada. Nimeambatisha nakala ya majaribio. Soma mstari wa mwisho: "Mbunifu wa kimya: Msumari." Wanaomba saini yako kwa kuwa wewe ndiye pekee uliyebaki, kabla ya tarehe thelathini Juni.

Yule dada wa gitaa anakusalimu. Anasema akikuona atakupigia magoti. Nimemwambia asijaribu, utamsahihisha anavyopiga.

Mpwa wako

*

Studio
Jumatano, tarehe 9 Aprili

Mjomba,

Sina salamu leo.

Nimeufungua utepe. Uliniambia mlinyamaza. Mtu anaponyamaza studioni, utepe huendelea kuzunguka na kunasa chumba: kiti kinalia, mtu anavuta pumzi, feni inazunguka. Nilivaa hedifoni nikangoja kukisikia chumba chenu. Hakuna chumba. Hakuna hata hewa. Nikasimamisha mashine, nikauvuta utepe kwa vidole hadi mahali penyewe.

Utepe wenu ni wa kahawia. Katikati kuna kipande cheupe, ule utepe mtupu tunaoweka mwanzoni na mwishoni ili kuonyesha wimbo unapoanzia. Umeunganishwa kwa gundi kila upande, umekatwa kwa wembe, mshazari, kwa mkono usiotetemeka hata kidogo. Nimewafundisha watu kazi hii miaka kumi na sita, na sijaona kiungo safi kama hiki. Nimekipima: mita moja na sentimita hamsini na mbili.

Hakuna aliyenyamaza, Mjomba. Kuna kitu kilichokuwapo na kikatolewa.

Sikumwambia mtu. Nilikwenda nyumbani mchana, nikawasha redio, nikakaa karibu na cherehani. Ukapita wimbo mmoja wa hawa vijana, ukanyamaza, na Mama akavuma. Nikautazama mshale wa sekunde. Alivuma sekunde nne, akavuta pumzi, na bendi ikaingia palepale alipomaliza. Nikangoja wimbo mwingine. Sekunde nne.

Nimekuwa nikiisikia sauti hiyo tangu nizaliwe, na masikio ndiyo kazi yangu.

Ulikata nini?

Mpwa wako

*

Nyumbani
Jumapili, tarehe 20 Aprili

Mpwa wangu,

Nilianza barua hii mara tano. Nakuandikia hii ya sita, nayo sitaisoma tena kabla ya kuitia bahashani.

Mama yako aliimba. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Wimbo ulikuwa wa kutwangia, tulioujua nyumbani kutoka kwa nyanya yetu, na Kidevu alitaka ala zote zisimame katikati ili sauti moja ya mwanamke ipite peke yake. Nilimleta mdogo wangu kwa kuwa hatukuwa na mwingine. Aliimba mara moja tu. Alipofika mwisho wa mstari aliivuta sauti zaidi ya tulivyopatana, na Radi akamngoja, ndipo akapiga. Ndiyo sababu ya ile nusu mnayoihesabu.

Alipomaliza, wote walimgeukia. Kidevu akasema, "Sasa tumepata bendi." Tulikuwa na miaka minne pamoja. Mimi ndiye niliyeianzisha, mimi niliyetunga maneno, na mimi niliyeomba studio. Siku ile ndipo tulipopata bendi.

Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilimlinda, kwamba baba yetu angekasirika. Baba angekasirika kweli, lakini sikumfikiria. Asubuhi ya pili yake wenzangu walikwenda kunywa chai. Kazi ya wembe ilikuwa yangu kwa sababu ya mkono wangu. Nilimkata. Ningeweza kuunganisha ncha mbili za kahawia na kuliziba pengo lisijulikane, lakini mkono ulikataa. Nilipima kwa rula ya shule, nikaweka utepe mtupu wa urefu uleule.

Nikawaambia wenzangu kwamba mashine imeutafuna utepe. Hatukuwa na siku nyingine ya studio, ikatoka hivyo. Kisha nilikwenda nyumbani nikamwambia mama yako kwamba Kidevu amesema hana sauti, na kwamba wote wamekubaliana atolewe. Hakulia. Aliuliza, "Wote?" Nikasema, "Wote." Mwaka uleule akaanza kujifunza kushona.

Mwaka uliofuata nilikwenda chuo cha ualimu. Sikufikiri kwamba mtu yeyote angelisikia pengo lile, seuze kulipenda. Mara ya kwanza niliposikia wimbo mwingine ukinyamaza vilevile nilikuwa darasani, dirisha wazi, redio ya fundi viatu nje. Chaki ilinidondoka. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayesikia. Tangu hapo sina redio nyumbani.

Kipande chenyewe sikukitupa. Kimo ndani ya boksi la chaki nililotuma pamoja na barua hii, kimezungushwa kwenye penseli. Usikivute kwa nguvu, kimekuwa kikavu.

Mjomba wako

*

Studio
Jumanne, tarehe 6 Mei

Mjomba,

Boksi lilifika Ijumaa. Nililiweka mezani siku mbili bila kulifungua, kama mtu aliyeletewa nyoka.

Jana nilimleta Mama hapa. Barua yako nilimpa aisome mwenyewe, nikatoka nje ya chumba. Niliporudi alikuwa ameikunja na kuitia ndani ya mkoba, na alichosema ni hiki tu: "Kidevu alikuja nyumbani mara mbili kuniulizia. Nilijificha jikoni, nikidhani amekuja kunicheka."

Nikakiunganisha kipande mahali pake. Nikaupiga wimbo kuanzia mwanzo. Mama alisimama, hakutaka kiti.

Sauti ile siwezi kukueleza, na wewe huhitaji, ulikuwapo. Ila kuna kitu hukukiandika, na labda hukijui. Anapomaliza mstari, kabla ya ngoma kuingia, kinasa sauti chake kimemnasa mtu aliyekuwa karibu naye. Mtu huyo anasema polepole, "Hapohapo, mdogo wangu." Mimi sikuitambua. Mama ndiye aliyesema, "Huyo ni kaka." Akaniomba nirudie. Nikarudia mara nne, na kila mara alikuwa akikusikiliza wewe, si yeye.

Sasa nikwambie lililonishtua kuliko yote, kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia. Wimbo ukiwa mzima ni mzuri. Ni mzuri kama nyimbo nyingine nzuri. Nikarudisha kipande cheupe, nikaupiga tena, na nywele zikanisimama. Yale yote waliyoyachukua vijana yamo katika pengo. Nilizima mashine haraka, lakini Mama alikuwa ananitazama usoni.

"Upi bora?" akauliza.

Nikaanza kusema kwamba inategemea. Akanikatiza. "Na wewe usinidanganye."

Nikamwambia ukweli. Akachukua mkoba wake na kipande chake cha utepe, akatembea kwa miguu hadi nyumbani. Tangu jana hajagusa cherehani.

Nilikuomba uniambie kama nilimwonea. Nilimwonea nikiwa na miaka kumi na miwili, na jana nimemwonea tena kwa kusema kweli. Sijui niwe na hasira na nani kwanza.

Kampuni inauliza tena kuhusu saini. Sijawajibu.

Mpwa wako

*

Chumba cha mbele
Jumatano, tarehe 11 Juni

Kaka,

Sijakuandikia tangu mazishi ya mama yetu, na mwandiko wangu umeharibika kwa sindano. Ukikuta makosa yaache hapohapo. Ukiirudisha barua hii na wino mwekundu nitaichoma.

Nimekaa mwezi mzima bila kushona. Wateja wamekuja hadi mlangoni, mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, lakini zamani.

Sikusikitishwa na wembe sana. Mimi pia nakata, na nimewahi kuharibu kitambaa cha mtu kwa wivu, nguo ya bibi arusi mmoja aliyenizidi kila kitu. Lakini uliniambia "wote". Neno hilo moja nimelala nalo miaka arobaini na mmoja. Nilikuwa nikipita mbali na nyumba ya Radi. Kidevu alipofariki sikwenda kumzika. Nilisema, yule aliyesema sina sauti, ya nini nikamlilie. Hilo huwezi kunirudishia hata kwa boksi zima la chaki.

Mwanangu nilimkasirikia siku tatu tu. Aliponiambia kwamba palipokatwa pamependeza zaidi nilitaka kumchapa, mtu mzima vile. Kisha nikawasha redio ili nyumba isiwe kimya, na ukapita wimbo wa wale watoto wa siku hizi. Wakafika mahali pao wakanyamaza wote. Nikaacha kuvuma nisikilize. Kaka, wanangoja. Mwenye ngoma ameinua mkono, mwenye gitaa ameshika nyuzi, wanamngoja mtu amalize kuimba ndipo waingie. Hawamjui ni nani lakini wanamngoja mpaka pumzi yake ya mwisho. Nilizungusha kitufe, stesheni nyingine, wimbo mwingine, wananingoja. Nilicheka mpaka jirani akaja kuchungulia.

Basi nimemwambia mwanangu aliache pengo. Kipande changu nimekizungusha kwenye kigurudumu cha uzi kilichokwisha, kimo kwenye droo ya cherehani, hakiendi popote.

Wewe sijakusamehe. Kwanza njoo. Simama hapa, mbele ya mwanangu, useme kwa mdomo wako nani alisema sina sauti. Ukishasema hivyo tutaona kama nitakupa kiti.

Habari ya jalada siijui. Kalamu nyekundu ni yako.

Mdogo wako

*

Nyumbani
Alhamisi, tarehe 19 Juni

Mpwa wangu,

Nakurudishia nakala ya jalada ikiwa na saini yangu. Nimeisoma mara tatu kama nilivyokuwa nikisoma mitihani. Maelezo ya kurasa mbili yana makosa madogo ambayo nimeyaacha. Nimesahihisha mahali pamoja tu, mstari wa mwisho. Jina langu la utani nimelifuta hapo, na juu yake nimeandika kwa mkono. Waambie wachapaji wafuate mwandiko wangu, wasiongeze wala kupunguza:

Gitaa na sauti: Kidevu.
Zeze: Babu.
Ngoma: Radi.
Besi: Msumari.
Kimya:

Hapo utakuta majina ya mama yako, yote matatu. La kwanza, la baba yetu na la babu yetu.

Jumatatu nilikwenda kumwona fundi viatu. Bado ana redio ileile. Niliketi kwenye benchi lake kutwa nzima, na viatu vyangu havikuwa na tatizo lolote. Alasiri ukaja mmoja, ukanyamaza. Nimekipima kimya kile kwa rula, nami nimekikimbia miaka arobaini na mmoja. Nikafumba macho, nikamsikia. Fundi akaniuliza, "Mwalimu, umesema nini?" Sikujua kama nimesema neno. Akaniambia nimesema, "Hapohapo, mdogo wangu."

Ijumaa ya tarehe 27 nitafika kwenu kabla ya adhuhuri. Mwambie mama yako nitasimama.

Mjomba wako